Mpaka Samaki Afe

Joash alipiga magoti mbele ya tangi la kioo, koleo refu mkononi, akimbembeleza samaki ale.

Samaki mwenyewe alikuwa mkunga wa baharini, mrefu kama mkono wa mtu mzima, ngozi ya madoadoa, meno kama sindano. Zamani alikuwa akirukia kipande cha ngisi kabla hakijafika chini. Leo alitoa kichwa kwenye bomba alimolala, akakitazama chakula, akarudi ndani.

“Hatakula,” mkewe Risper alisema kutoka jikoni.

“Atakula. Jana ulimpa nini?”

“Alichopata.”

Mkunga huyo alikuwa wa mtoto wao, Chrispine. Chris alifanya kazi Kilifi, akizamia samaki wa kuuzwa kwa wenye matangi. Akarudi nyumbani Homa Bay, kando ya ziwa, na tangi lake, mashine ya kusukuma maji na samaki watatu wakali, wale wanaomeza wenzao wazima. Alitaka watu walipe kiingilio waje kutazama. Walikuja. Boaz, ndugu yake Joash, alilizunguka tangi mara mbili.

“Omera, ndugu yangu, huyu ni kamongo wetu wa ziwani tu aliyesoma,” alisema. “Mchemsheni tule.”

Kisha Chris akapata kazi kwenye meli ya uvuvi ya wageni. Meli ikazama mbali. Hakuna mwili uliopatikana.

Boaz ndiye aliyetaja yago. Kwao, mtu akipotelea majini asipatikane, tunda hilo refu na zito huwekwa ndani ya jeneza mahali pa mwili. Huzikwa kama mtu, na watu hulia, mambo yakaisha. Joash alimkatiza mbele ya wazee.

“Chris yuko hai. Pengine yuko kisiwa fulani, hana simu. Samaki wake wakifa wote, hapo leteni yago lenu. Mpaka siku hiyo, asilie mtu hapa kwangu.”

Wazee walikubali haraka. Samaki wa bahari waishi Homa Bay? Wangemaliza mwezi?

Walimaliza mwaka, wakaanza wa pili.

Kazi yote ilikuwa ya Risper. Joash aliendesha lori la miwa Awendo, akija nyumbani mwisho wa wiki tu. Yeye aliagiza: ngisi wa barafu kutoka Kisumu, magunia ya chumvi ya bahari kutoka Mombasa kwa basi. Risper alibadilisha maji, akachanganya chumvi, akapanguza kioo. Alijua masharti ya Chris kuliko mtu yeyote. Chumvi ipimwe kwa kile kipimo kidogo kinachoelea. Na samaki wa ziwani wasitiwe humo kamwe, maana wa bahari akizoea kuwala huharibika ndani kwa ndani.

Mvua zilipoanza, mmoja wa wale watatu, mwenye miiba ya sumu, akafa. Akafuata wa pili, chewa. Halafu kipimo kikavunjika.

“Kilinitoka mkononi,” Risper alisema.

“Pole, mama. Wewe umeshazoea, changanya tu kwa mkono.”

Wiki nyingine Joash aliona vichwa vya omena, dagaa wa ziwani, kwenye mchanga wa tangi.

“Risper, hizi ni omena?”

“Ngisi waliisha. Ulitaka alale njaa?”

Joash aliona haya kwa kuuliza. Mikono ya mke wake ilikuwa imepasuka kwa maji. Alikonda. Mara kadhaa Joash alimkuta karibu na ua akifyeka nyasi mahali pasipopandwa kitu, pembeni ya makaburi ya wazee.

“Hapo unapanda nini?”

“Sijapanda.”

Siku nyingine Risper alitoka kwa jirani yao Trizah, ambaye mtoto wake aliuawa na pikipiki. Aliketi mbele ya tangi bila kuvua kanga.

“Trizah ana kaburi la kufagia,” alisema. “Mimi nina kioo cha kupanguza.”

Joash alidhani amechoka na kazi. Alimwahidi kutafuta msichana wa kumsaidia. Risper alikataa.

Sasa alibaki mkunga peke yake. Joash aliomba ruhusa kazini, akakaa nyumbani siku nzima na koleo lake. Alimwita kwa jina la Chris, taratibu, Risper asisikie. Jioni mkunga alitoka kwenye bomba mwenyewe. Joash akainuka kwa furaha. Mkunga akageuka tumbo juu, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Haukufungika.

Joash akaingiza mkono akamtoa. Alikuwa mwepesi. Maji yakamrukia usoni, mengine yakaingia mdomoni. Akayameza bila kufikiri, kama maji ya ziwani aliyokunywa tangu utotoni.

Alikaa sakafuni na samaki mapajani. Risper alisimama mlangoni.

“Ulijitahidi,” Joash alimwambia. “Mtu asije akakulaumu. Kesho nitamtuma Boaz akatafute yago Lambwe.”

“Usimsumbue Boaz.”

Alichukua ufunguo msumarini, akavuka ua mpaka kwenye kijumba cha Chris, ambamo yeye Risper alikuwa akiweka chumvi. Joash alimfuata, mkunga bado mikononi. Risper akasukuma mlango, akasogea kando ili mumewe apate kuona.

Magunia yaliyoletwa tangu kabla ya mvua yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani, yote, midomo ikiwa bado imeshonwa kwa uzi wa Mombasa. Juu yake, limefungwa ndani ya jezi ya Chris, lilikuwa yago, limeshakauka.