Jiko Halijaridhika

Siku hizi sheria ni moja: mtoto wa chekechea akiuliza swali, jiko la nyumbani linazimika, na haliwaki tena mpaka wazazi walichunguze swali hilo pamoja naye. Kumjibu kwa mdomo tu hakukubaliki.

Asubuhi ile binti yangu Tunu alitaka kujua kama jogoo anaweza kuogelea. Tukamtia jogoo wetu kwenye beseni. Nilitoka na mikwaruzo, lakini jiko liliwaka, nikabandika pilau ya kumkaribisha mama mkwe.

Mchele ulikuwa unaanza kuiva alipobisha hodi.

"Shikamoo, mama! Karibu sana!" nikasema, meno yote nje.

Tunu akanitazama, kisha akamtazama bibi yake.

"Baba, mbona Bibi akija unacheka bila kufurahi?"

Jiko likazimika.

"Nafurahi, mwanangu! Nafurahi mno!"

Jiko kimya. Nikalipiga teke. Kimya.

Mke wangu akajifanya anatafuta vijiko. Mama mkwe akavua viatu, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu.

"Haya, mjukuu wangu, tumchunguze baba yako. Tuanze na nini?"

Tunu akaenda kuleta beseni.