Shahidi wa Nyumba Namba Kumi na Nne

Bibi aliupiga mlango teke moja, chini upande wa kulia, ukafunguka. Mtunza nyumba alibaki na ufunguo mkononi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiufungua mlango huo kwa bega, na bega lenyewe lilikwisha kupata dawa yake ya kuchua.

"Ukiubembeleza huu, utakesha nje," bibi alisema, akatangulia ndani.

Mkaguzi, mwanamke mrefu mwenye faili la kijani, aliandika. Hakuja kustaajabu. Siku hiyo idara yake ilikuwa iamue kama nyumba ya marehemu mchoraji ihifadhiwe au ivunjwe kupisha maegesho ya magari. Ushahidi uliokuwepo ulikuwa bahasha tisa za barua zake, zote zenye namba kumi na nne, pamoja na vitu vilivyokutwa ndani: brashi, makopo ya rangi na ngazi. Mkaguzi alitaka kimoja zaidi, mtu aliye hai aliyeijua nyumba hiyo enzi zile. Asipopatikana, katapila lingefika Jumatatu.

Mtunza alikuwa ameweka gazetini picha ya nyumba na ombi kwamba yeyote aliyewahi kuingia humo miaka thelathini iliyopita ajitokeze. Alijitokeza bibi peke yake, baada ya safari ya saa sita kutoka kwa binti yake. Langoni aliuliza kibao cha namba kilibadilishwa lini. Mtunza alimjibu haraka kwamba manispaa ilizipa namba upya nyumba za mtaa mzima, kisha akamhimiza waingie. Hakutaka kumchelewesha mkaguzi kwa mambo ya manispaa.

Walianzia sebuleni, kwenye kiti kilichozungushiwa kamba nyekundu. Maandishi yake yalisema: KITI CHA TAFAKURI.

"Hapo alikuwa akivulia viatu," bibi alisema. "Kama alitafakari, basi alitafakari soksi."

Mengine aliyataja bila kuulizwa mara mbili. Alijua dirisha lisilofungika, kipandio cha tatu kinacholia, na msumari nyuma ya mlango wa jiko. Alisema mguu mmoja wa meza umefungwa waya kwa ndani, na alipoulizwa kwa nini, akaeleza ni nani aliyeikalia na alikuwa na uzito gani. Mkaguzi alipiga magoti, akachungulia, akaukuta waya. Mtunza hakuwahi kuchungulia huko.

Mkaguzi aliuliza kuhusu kazi ya marehemu.

"Kutwa yuko juu ya ngazi. Jioni shingo imekakamaa kama ubao, na wa kuikanda ni mimi."

Mtunza alimnong'oneza mkaguzi kwamba hapo ndipo penye siri ya ile michoro mikubwa ya miaka ya mwisho. Kuhusu kukandwa shingo hakusema neno. Vitabu vyote vilieleza kwamba marehemu aliishi peke yake kama mtawa. Viwili kati ya vitabu hivyo alikuwa ameviandika yeye.

Chumbani, nyuma ya kioo cha kuukinga, ukuta ulikuwa na michirizi mitatu mipana: kijani, samawati na manjano. Wageni waliombwa wasipaze sauti hapo. Mtunza alieleza kwamba hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya marehemu, ambayo mauti hayakumwachia nafasi ya kuikamilisha.

"Mauti gani? Nilimkataza mimi," bibi alisema. "Nilimwambia katika hizo tatu hakuna hata moja nitakayolala nikiitazama."

Akaonyesha kitanda. Marehemu, alisema, alikuwa akilala upande wa ukutani, na alikuwa akikoroma. Mtunza akapendekeza washuke jikoni.

"Usione haya, mwanangu. Mimi nina wajukuu tisa."

Mkaguzi aliuliza, bila kuinua macho, kama bibi alikuwa mfanyakazi wa nyumbani.

"Nilifua, nilipika, nilifagia, na mshahara sikuuona. Kazi hiyo huko ofisini kwenu mnaiitaje?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo mkaguzi alicheka. Mtunza hakucheka, alikuwa ameanza kuandika upya kichwani sura ya tatu ya kitabu chake. Utawa wa marehemu ulikuwa umekwisha, lakini nyumba ingesimama, na kwa kadiri alivyowajua wageni, wapenzi wa siri huwavuta kuliko watawa.

Jikoni mkaguzi alifungua fomu. Alisema ameridhika: shahidi anaijua nyumba kuliko anayeitunza. Nafasi mbili tu zilikuwa bado hazijajazwa, na ya kwanza akaisoma kwa sauti. Uhusiano wa shahidi na mchoraji.

Mtunza alimvuta bibi pembeni, akamsihi kwa heshima zote atafute neno la staha. Asiseme uongo, ila asimwage yote.

"Na yule mchoraji?" bibi alisema. "Hilo mbona jepesi. Andika jirani."

Mtunza alishusha pumzi. Lilikuwa neno safi, hata familia ya marehemu isingelikataa. Alimshika bibi mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa kumsitiri mwenzake. Bibi alimtazama kama mtu anayeshukuriwa kwa zawadi ambayo hakuipeleka.

Mkaguzi aliandika jirani, akateremsha kalamu hadi nafasi ya pili. Enzi hizo, aliuliza, bibi alikuwa akiishi nyumba ipi?

"Hii hii, na marehemu mume wangu, fundi wa kupaka rangi," bibi alisema. "Mchoraji alikaa ng'ambo, pale penye kituo cha mafuta sasa."