Mchambuzi wa Metali

Jumatatu tarehe kumi Juni, saa nne asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Redio moja ya Sumbawanga ilitangaza kwamba kipindi cha Jumamosi, cha nyimbo mpya za metali, yaani zile za magita ya kunguruma, na za elektroniki, kitarushwa mara ya mwisho wiki hiyo, kisha kinafutwa. Wakubwa walikaa, wakanywa chai, wakaona Ufipa nzima hakuna anayesikiliza makelele yale.

Mzee Wilibrodi, mkulima wa njia ya Namanyere, alitupa jembe akapiga simu studio.

"Shikamoo, mzee," alipokea mtangazaji, Sharon. Alimjua kwa sauti.

"Marahaba. Nani kafuta?"

"Meneja, mzee. Bwana Jafeti."

"Mbolea mlichelewesha, tukanyamaza. Mashine ya nafaka ya kijiji ikafa siku ya kuzinduliwa, watu keki bado iko mdomoni, tukanyamaza. Sasa na metali?"

"Mzee, mbolea siyo sisi."

"Wakubwa ni walewale."

Wilibrodi aliishia darasa la tatu, lakini kwa mwaka mzima alikuwa ndiye mchambuzi wa kipindi kile, bila mshahara. Wimbo mpya ukipigwa, anapiga simu. Hakumbembeleza mtu. Bendi fulani ya Wafini aliisifu: "Hawa ngoma wanapiga kwa miguu miwili, hawapumziki. Watu wa kazi." Dijei mmoja Mjerumani alimkaanga: "Anaanza vizuri, besi inashuka mpaka kwenye udongo, halafu ghafla ananyamaza eti tumshangilie. Mambo yanasimama! Mwambieni aache maringo." Nyimbo za polepole hakuzitaka kabisa. "Hizo mpelekeeni meneja alalie."

Mji ulicheka, na vijana wa Majengo hawakupakua wimbo kwenye simu mpaka mzee aupitishe.

Jumatatu hiyo Jafeti alikuwa humo studio; akamnyang'anya Sharon simu. "Mzee wangu, wewe ni msikilizaji mmoja. Siwezi kurusha kipindi kwa ajili ya mtu mmoja."

"Mmoja? Njoo kwangu Jumamosi uhesabu."

"Nikikuta hata kumi, kipindi kinabaki."

"Utakuta. Na nikwambie, mwanangu, tangu Josefina wangu afariki, hakuna kingine kinachonisaidia. Ukikifuta, nimekwisha."

 Jafeti alikuwa meneja, lakini moyo alikuwa nao.

Jumamosi alasiri alifika kwa bodaboda, suti imegeuka rangi ya vumbi. Akasimama mlangoni mwa ua, mdomo wazi. Watu walikuwa zaidi ya sitini, wengi wao akina bibi wa jumuiya, vitenge vimefungwa imara viunoni. Ndani ya nyumba metali ilinguruma hadi mabati yakapiga makofi.

Akaona wamepangwa wamdanganye. Akamwendea bibi mmoja.

"Shikamoo, bibi. Hawa wanaopiga ni akina nani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni Wanorwe. Wapya hawa. Ila wa wiki jana walikuwa wakali zaidi. Huyu mpiga gita anatoka peke yake anazurura, wenzake wanamngoja."

"Na elektroniki je?"

"Ya saa nane? Ilitutia hasara!" mwenzake alidakia. "Dakika mbili, imekwisha. Huo ni wimbo au chafya?"

Jafeti alishika kichwa. Miaka saba ya redio, hajapata kuona mashabiki wa namna ile. Machozi yakamlengalenga. Akapiga simu studio, Sharon akamweka hewani, naye akatamka mbele ya mkoa mzima: kipindi kinabaki, tena kinaongezwa saa moja.

Vigelegele vikafunika gita la Wanorwe. Akina bibi wakamsukuma Jafeti ndani, simu ikiwa bado hewani, akampe mwenye nyumba habari kwa mdomo wake.

Wilibrodi alikuwa amepiga magoti katikati ya spika mbili kubwa. Juu ya spika hizo, kutoka hii hadi ile, alikuwa amelaza chekeche pana lililojaa ulezi. Kila ngoma ilipolia, mchanga ulichuruzika chini kwenye turubai, ulezi ukabaki juu ukirukaruka, msafi. Nyuma yake, ndoo za akina bibi zilipangwa foleni mpaka jikoni.

Mzee alifuta vumbi usoni, akaichukua simu.

"Sharon, mwanangu, asanteni. Ulezi unaisha leo. Wiki ijayo tunaanza maharage; hayo mna bendi gani?"