Punje Kati ya Boga na Ndimu

Mchi ulisikika ukitwanga kabla mlango haujafunguliwa. Ndani, Mzee Shekue alikuwa akipambana na kisamvu peke yake. Binti yake Mwajabu, mwalimu mpya wa sayansi, aliingia na kuketi mkekani.

"Wazee wameamua," alisema baba. "Kwa kuwa mimi na mama yako tumeachana, utakaa kwa shangazi, katikati ya mji, nusu njia kati ya kwangu na kwake. Ndiyo haki kwetu sote."

"Haki gani hiyo, baba?"

Mwajabu alichukua boga akaliweka ncha moja ya mkeka, na ndimu ncha ya pili. Akampa baba yake punje ya mahindi. "Hii dunia, huu mwezi. Iweke mahali isipovutwa zaidi huku wala kule."

Shekue akaiweka katikati.

"Hapo boga limeshaimeza." Mwajabu aliisukuma taratibu mpaka ikaikaribia ndimu. "Kizito kinavuta hata kwa mbali. Chepesi sharti ukisogelee. Kwa mama kumejaa bibi, wajomba na watoto. Hapa upo wewe tu."

"Kwa hiyo mimi ndimu? Tena iliyokauka."

Mwajabu alicheka. Baba hakucheka; kidole chake kilikuwa kando ya punje, hakiigusi.

"Nitapanga chumba mtaa huu huu, baba. Wazee nitawaambia mwenyewe, leo."