Mkwe na Chujio la Dizeli

Gari la dizeli lilizima mchangani kabla ya kufika mjini kwenye dawa ya nyoka, na aliyeumwa mguuni na nyoka ndiye dereva mwenyewe, Masalu. Abiria alikuwa mmoja: Bi Nkwimba, mama mkwe wake, asiyejua hata kufunga mlango wa gari. Tangu harusi alikuwa hajawahi kumtazama mkwewe usoni wala kusema naye. Mila ni mila, hata gari likizima.

Masalu alilala kivulini mwa tairi. "Mama, maji yameingia kwenye chujio la dizeli. Fungua boneti."

Bi Nkwimba aliigeukia taa ya mbele. "Ewe gari, mwambie huyo mtu sijui chujio ni lipi."

"Gari, mwambie mama ni lile kopo jeusi. Alegeze skrubu ya chini maji yatoke, aikaze. Kisha alegeze ya juu, abonyeze pampu iliyo juu yake mpaka mapovu ya hewa yaishe, ndipo gari litawaka."

Maji yalitoka, machafu kama ya kunawia miguu. Akabonyeza. Mapovu. Akabonyeza tena.

"Gari, mwambie yanakuja tu kama ya sabuni!"

"Asiache." Ulimi wa Masalu ulishakuwa mzito kama wa mlevi.

"Gari, muulize uvimbe umefika wapi."

Akabonyeza mara mbili, akatega sikio.

"Gari, muulize!"

Gari, kama kawaida yake, halikujibu.

Bi Nkwimba akageuka, akamtazama mkwewe usoni. "Masalu! Mwanangu, nijibu mimi!"

Midomo ya Masalu ilitikisika bila sauti. Kidole gumba cha mama kiliendelea kubonyeza, na dizeli ikamtiririkia mpaka kiwikoni, safi, bila povu hata moja.