Siuzi Kompyuta, Nauza Leseni

“Futa tena,” akasema mgeni.

Profesa akajibana asicheke. Hii ilikuwa mara ya tatu anaifuta diski ileile, na bado huyu bwana wa miwani ya duara alikuwa ameinamia kioo kama mtu anayesubiri maji yachemke. Haya bwana, mteja ni mfalme. Akabonyeza.

Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alisoma kompyuta miezi minane, ada ikamshinda, na mtaa ukaona si vibaya kumpa cheo cha kujifariji. Lakini mambo ya leseni aliyajua, na ndiyo yaliyomwezesha kumzunguka mama yake.

Maana mama alikuwa amekataza, tena kwa kidole. “Kompyuta ya marehemu baba yako isitoke humu ndani mpaka shauri liishe. Umenisikia?”

Shauri lilikuwa la Jumatatu, mbele ya baraza la ardhi. Jirani alikuwa amezuka na madai kwamba mpaka unapita katikati ya banda la mama, lile la vyerehani vitatu, ambalo ndilo lililowalisha tangu mzee afariki. Banda likienda, wamekwisha. Marehemu alikuwa mpima ardhi na mpaka ule aliupima kwa mikono yake mwenyewe, ila karatasi za vipimo hazikuonekana. Wiki nzima mama na mwana wamepekua kabati, masanduku, hata chini ya godoro. Wapi!

Kwenye kompyuta Profesa hakujisumbua. Miaka ile ya mwisho, kila alipopita nyuma ya kiti cha baba yake, alimkuta mzee anacheza karata.

“Mama, kwani nani kasema nauza kompyuta?” alimwambia juzi, mkono kifuani. “Nauza leseni. Ruhusa tu ya kuitumia ile programu inayoiendesha. Mashine itabaki palepale mezani, hata kitambaa chake sikigusi.”

“Leseni itatokaje, mashine ibaki?”

“Kama roho, mama. Inatoka hapa inaingia kwingine.”

“Mh! Ikitoka roho, kinachobaki kinaitwa maiti.” Lakini alikuwa na nguo za watu za kumalizia, akamwacha na elimu yake.

Profesa akabandika tangazo kwenye mlango wa duka la madaftari. Gundi haijakauka, bwana wa miwani huyo, anabisha hodi.

Na mteja gani huyu, jamani! Profesa alitaja bei, akaizidisha nusu ili wapate pa kuvutania, na mgeni akatoa pochi bila hata kuguna. Tena leseni yenyewe ilikuwa kuukuu; kompyuta za siku hizi zisingeipokea hata kwa dua. Profesa hakuona sababu ya kulitaja hilo. Wajinga ndio waliwao.

Sharti la mgeni lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la kiungwana. “Leseni moja, mashine moja. Nikiiweka kwangu na hapa bado ipo, nitakuwa mwizi. Mimi si mwizi. Kwa hiyo hii ifutwe yote, mbele ya macho yangu.”

“Si lazima yote, mzee wangu. Naweza kuiondoa leseni peke yake nikaacha—”

“Yote.”

Profesa alichungulia kidogo kabla ya kufuta, asije akaambiwa hakuangalia. Alikuta mafaili chungu nzima yenye majina ya namba, namba na nukta, nukta na namba, na mengine hayakukubali hata kufunguka. Karata zilifunguka vizuri.

“Na nakala?” mgeni aliuliza. “Hakuna kwenye flashi, kwa ndugu, popote?”

“Nakala ya nini?”

Mgeni akavua miwani, akaipangusa taratibu. “Ya leseni.”

“Hakuna, mzee wangu. Hiyo ni ya kwako peke yako.”

Kioo kikawa cheusi kwa mara ya tatu, kikabaki hivyo. Mgeni akampa Profesa mkono, akaongeza na wa pili, akamshukuru mpaka kijana akaona haya kidogo. Kisha akatoka kwa haraka.

Profesa alikuwa ameshaanza kupiga mluzi alipoiona bahasha aliyomtilia mgeni stika ya namba za leseni. Ilikuwa juu ya meza, na stika inang’aa. Maskini wa Mungu! Kalipa, kasifu, kaenda mikono mitupu. Kumuuzia mtu kitu kikuukuu ni biashara, lakini kumla hela bila kumpa kitu ni dhambi. Akaichukua bahasha, akakimbilia mlangoni.

Hapo akakumbana na mama, anahema, uso umechangamka kama hajawahi kufiwa.

“Mungu si Athumani, mwanangu! Natoka barazani sasa hivi. Karani kaniambia tuache kuhangaika na makaratasi. Baba yako aliacha karatasi siku nyingi, vipimo vyake vyote alivitunza kwenye kompyuta. Jumatatu tuibebe tu, wataifungua palepale mbele ya watu. Jirani kaambiwa tangu juzi, eti kanywea kama kuku aliyenyeshewa!” Akacheka, akajifuta macho kwa kiganja. “Kompyuta ipo?”

“Ipo, mama.”

“Palepale mezani?”

“Palepale.”

Hakuweza kumtazama. Akaangalia juu ya bega lake, kumtafuta bwana wa miwani barabarani, lakini barabarani hakukuwa na mtu. Bwana wa miwani alikuwa kando ya banda la vyerehani, amechuchumaa, ameshika ncha moja ya utepe wa kupimia. Ncha ya pili alikuwa ameishika jirani.