Mkono Usiovimba

Nilipitisha kidole kwenye mkono wa Yuliana, pale nilipomchoma sindano ya kupimia kifua kikuu siku tatu nyuma. Ngozi ilikuwa laini. Rula yangu haikuwa na cha kupima.

Mama yake akapiga kigelegele. Kisha akautazama mkono wa dada mtu, niliyemchoma siku ileile, uliovimba ukubwa wa kifungo cha koti, machozi yakamtoka.

"Kumbe mgonjwa ni huyu, bwana mganga? Mbona hata hakohoi?"

Walikuwa wametembea tangu alfajiri kutoka kijiji kipya cha ujamaa. Kabla sijajibu, alimnyang'anya Yuliana kipande cha samaki mkavu, mgebuka, alichokuwa akikitafuna polepole, akampa dada yake.

"Wewe huna kitu. Mwache mwenzio apate nguvu."

Yuliana hakulia. Alikohoa tu, akajifuta mdomo kwa kiganja, akakificha kiganja.

"Mama," nikasema, "mwilini mna walinzi. Wakimkamata mdudu wa ugonjwa humkatakata, wakapeleka vipande kwa askari ili wamjue adui. Dawa niliyowachoma ni vipande kama hivyo. Mkono ukivimba, ujue askari walishakutana na mdudu huyo, wamevitambua, wamekuja mbio."

"Na usipovimba?"

"Kwa mtoto mwenye afya, ni heri: askari hawajawahi kukutana naye."

Nikakigeuza kile kiganja kidogo juu, tukaiona damu sote wawili.

"Kwa huyu, askari wameitwa, hawana tena nguvu ya kuja."

Nikairudisha rula mfukoni.

"Mrudishie samaki wake, mama."